Kuweka Fail2ban kwenye Seva ya Debian au Ubuntu Bila Kujifungia Nje

Wanaokodi seva kwa mara ya kwanza huniuliza maswali yale yale. Wa kwanza anasema ameisakinisha Fail2ban na imegoma kuwaka dakika hiyo hiyo. Wa pili anasema inawaka vizuri, ila imeonyesha sifuri kwa wiki nzima ilhali logi zake zimejaa majaribio ya kuingia. Wa tatu hana muda wa maelezo, kwa sababu amejifungia nje ya seva yake mwenyewe na mteja anasubiri. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya hao watatu, na unafuata mpangilio ambao mimi mwenyewe huufuata kila ninapopokea seva mpya.

Nadharia inayohitajika ni ndogo. Fail2ban ni programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya Python, na iliasisiwa na Cyril Jaquier mwaka 2004. Ifikirie kama mlinzi wa geti ambaye hatazami nyuso za watu bali anasoma daftari la wageni. Akiona anwani ile ile imeandikwa kuwa imekosea nywila mara kadhaa ndani ya muda mfupi, anaiagiza faiwoli, yaani kinga inayochuja mawasiliano ya seva, iifungie kwa muda uliopangwa. Daftari hilo ndilo logi, kanuni ya kutambua mistari yenye makosa huitwa kichujio, na seti ya mipangilio inayounganisha kichujio, logi na adhabu huitwa jela. Kisichoandikwa kwenye logi mlinzi huyu hakioni kabisa, na nusu ya matatizo nitakayoyaeleza chini chanzo chake ni hicho.

Mahitaji kabla ya kuanza

Unahitaji seva yenye Debian 12, au Ubuntu 22.04 au 24.04, na mtumiaji mwenye ruhusa ya `sudo`. Matoleo mengine hufanana, lakini mahali pa logi panaweza kutofautiana.

Unahitaji pia konsoli ya dharura, ile inayofunguka kwenye kivinjari kupitia ukurasa wa mtoa huduma wako na isiyopita kwenye SSH, njia ya kawaida ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali. Usitosheke na kujua kwamba ipo. Ifungue sasa, uingie kwa jina na nywila, uhakikishe kwamba inakubali. Watu wengi hugundua siku ya msiba kwamba mtumiaji wao hana nywila kabisa kwa sababu tangu mwanzo walikuwa wakiingia kwa ufunguo (faili la siri linalotumika badala ya nywila) peke yake.

Fungua madirisha mawili ya SSH kwenye seva hiyo hiyo. Moja la kazi, na jingine liache wazi bila kuligusa hadi umalize.

Mwisho, hakikisha saa ya seva ni sahihi kwa amri ya `timedatectl`. Ukibadilisha ukanda wa saa, kwa mfano kwa `sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, washa seva upya kabla ya kuendelea, kwa kuwa programu zilizokwisha kuwaka zinaweza kuendelea kuandika logi kwa saa ya zamani.

Hatua ya 1: Soma logi kabla ya kusakinisha chochote

Hatua hii huachwa na karibu kila anayeanza. Toa amri hii:

```
sudo journalctl -u ssh --since today | grep -E "Failed password|Invalid user" | tail
```

Kwenye seva yenye anwani ya umma, hata ile uliyoiwasha jana, utaona mistari inayofanana na huu:

```
Mar 12 03:14:07 seva1 sshd[20417]: Failed password for invalid user admin from 203.0.113.45 port 51122 ssh2
```

Utazame vizuri mstari huo. Una saa, jina la seva, jina la programu iliyoandika, kosa lenyewe, na anwani ya IP iliyokosea. Hivyo ndivyo vitu ambavyo Fail2ban itavitegemea. (Anwani zinazoanza na 203.0.113 na 198.51.100 katika mwongozo huu zimetengwa rasmi kwa ajili ya mifano, kwa hiyo weka zako badala yake unaponakili.)

Ikiwa hakuna mstari hata mmoja, usiseme "nina bahati" ukaendelea. Jaribu kuingia kwa jina la mtumiaji asiyekuwepo, kisha urudie amri hiyo. Kama jaribio lako mwenyewe halionekani, tatizo liko kwenye logi, na Fail2ban haitakusaidia mpaka ulitatue.

Hatua ya 2: Sakinisha

```
sudo apt update
sudo apt install fail2ban python3-systemd nftables
```

`nftables` ndiyo faiwoli itakayotekeleza vifungo. Kifurushi cha `python3-systemd` ndicho kinachoiwezesha Fail2ban kusoma moja kwa moja jarida la systemd, yaani logi ya mfumo unaosimamia huduma za seva. Kwenye Debian 12 hakikwepeki, kwa kuwa toleo hilo halisakinishi tena rsyslog, programu ya kuandika logi kwenye mafaili, kwa kawaida, na kwa hiyo faili la `/var/log/auth.log` ambalo miongozo ya zamani hulitaja halipo. Fail2ban ikilitafuta na kulikosa, hugoma kuwaka na kuacha ujumbe huu:

```
ERROR   Failed during configuration: Have not found any log file for sshd jail
```

Ukiuona ujumbe huo baada ya kusakinisha, usiiondoe programu ukaanza upya, na usiunde faili tupu la `auth.log` kama wanavyoshauri baadhi ya watu. Faili tupu litaifanya programu iwake, kisha isome ukurasa mweupe milele. Dawa iko katika hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Andika mipangilio yako katika faili lako

Mipangilio asilia imo katika `/etc/fail2ban/jail.conf`. Usiliguse faili hilo, kwa kuwa ni mali ya kifurushi na sasisho linaweza kuleta jingine jipya juu yake. Mipangilio yako huandikwa katika `/etc/fail2ban/jail.local`, ambalo husomwa baadaye na kwa hiyo neno lake ndilo hushinda.

Miongozo mingi hukwambia unakili `jail.conf` yote kuwa `jail.local` kisha uhariri ndani yake. Sikubaliani na ushauri huo. Unabaki na faili la mamia ya mistari ambalo miezi sita baadaye huwezi kujua ni lipi uliandika wewe na lipi lilikuja nalo. Andika machache tu unayoyabadilisha:

```
sudo nano /etc/fail2ban/jail.local
```

```
[DEFAULT]
ignoreip = 127.0.0.1/8 ::1 198.51.100.20
findtime = 10m
maxretry = 5
bantime = 1h
bantime.increment = true
bantime.maxtime = 1w
banaction = nftables-multiport
banaction_allports = nftables-allports

[sshd]
enabled = true
backend = systemd
port = ssh
```

Mstari wa `maxretry` na wa `findtime` husomwa pamoja: anwani ikikosea mara 5 ndani ya dakika 10, inafungiwa. Mstari wa `bantime` ndio muda wa kifungo. Kwa asili ni dakika 10, muda ambao kwa roboti ni sawa na kwenda kunywa maji na kurudi, ndiyo maana nimeweka saa moja. Mstari wa `bantime.increment` humwongezea adhabu anayerudia: saa 1, kisha 2, kisha 4, hadi kufikia kikomo cha wiki moja.

Wapo wanaopenda kuweka `bantime = -1`, yaani kifungo cha maisha. Kwa watumiaji wa huku kwetu naona ni kosa. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, kwa hiyo ukiifungia anwani hiyo kwa sababu ya simu moja yenye kirusi, umewafungia pamoja naye watu wengi ambao hawajui hata kama seva yako ipo. Leo anwani hiyo ni ya mshambuliaji, kesho itakuwa ya mteja wako aliyeketi kwenye daladala akijaribu kulipia bidhaa.

Jambo hilo hilo linahusu `ignoreip`, orodha ya anwani zisizofungiwa kamwe. Weka humo anwani ya ofisi yenye intaneti ya anwani isiyobadilika, au ya VPN yako. Usiweke anwani uliyopewa na kifurushi cha data cha simu, kwa kuwa hubadilika ukizima na kuwasha data, na wakati huo huo unakuwa umewapa msamaha watu usiowajua mnaoitumia pamoja.

Mstari wa `port`, yaani poti au namba ya mlango ambao huduma hupokelea miunganisho, unahitaji uangalifu wa pekee. Ikiwa umeihamisha SSH kutoka poti 22 kwenda, tuseme, 2222, andika `port = 2222`. Usipofanya hivyo Fail2ban itafungia poti 22 ambayo hakuna anayeitumia, na mshambuliaji ataendelea kugonga 2222 huku ripoti ikionyesha kwamba amefungiwa.

Nimeiweka `backend = systemd` ndani ya jela ya sshd (programu ya SSH upande wa seva) makusudi, badala ya kuiweka juu kwenye DEFAULT. Ukiiweka juu, kila jela itasoma jarida la systemd na kuupuuza mstari wa `logpath`, na jela ya tovuti tutakayoiunda katika hatua ya 6 itakuwa kipofu.

Ongeza pia faili fupi la `/etc/fail2ban/fail2ban.local`:

```
[DEFAULT]
dbpurgeage = 8d
```

Fail2ban huhifadhi vifungo katika hifadhidata ya `/var/lib/fail2ban/fail2ban.sqlite3`, na kwa asili huzisahau rekodi zilizopitwa na siku moja. Ikisahau, anayerudi keshokutwa anahesabiwa kuwa mgeni na adhabu yake inaanza tena kwenye saa moja.

Hatua ya 4: Kagua, kisha washa

```
sudo fail2ban-client -t
```

Jibu unalolitaka ni `OK: configuration test is successful`. Ukipata jingine, lisome hadi mwisho, kwa kuwa mara nyingi hutaja faili na sehemu yenye kosa. Baada ya hapo:

```
sudo systemctl enable fail2ban
sudo systemctl restart fail2ban
sudo fail2ban-client status sshd
```

Amri ya mwisho huleta ripoti ya namna hii:

```
Status for the jail: sshd
|- Filter
|  |- Currently failed: 3
|  |- Total failed:     41
|  `- Journal matches:  _SYSTEMD_UNIT=sshd.service + _COMM=sshd
`- Actions
   |- Currently banned: 2
   |- Total banned:     6
   `- Banned IP list:   203.0.113.45 203.0.113.77
```

Sehemu ya juu ni ya kusoma na ya chini ni ya kuadhibu, nami hutazama ya juu kwanza. Ikiwa `Total failed` inapanda, mlinzi anasoma daftari sahihi. Ikibaki sifuri ilhali amri ya hatua ya 1 inaonyesha makosa mapya, acha kila kitu uruke hadi sehemu ya matatizo.

Hatua ya 5: Jifungie mwenyewe kwa makusudi

Usiamini ripoti peke yake. Washa hotspot ya simu, unganisha kompyuta nyingine au simu yenye programu ya SSH, na uhakikishe anwani yake haimo katika `ignoreip`. Kompyuta yenye yale madirisha mawili ibaki kwenye intaneti nyingine, kwa sababu vyote vikitoka kwenye anwani moja vitafungiwa pamoja. Kisha jaribu kuingia kwa jina lisilokuwepo:

```
ssh -o PubkeyAuthentication=no mgeni@anwani-ya-seva
```

Kosea nywila mara tatu, SSH ikikutoa urudie. Katika muunganisho wa pili au wa tatu hivi utaanza kupata `Connection refused`. Kama seva yako haipokei nywila kabisa, utakataliwa papo hapo bila kuulizwa, na itakubidi urudie amri mara tano au sita.

Sasa rudi kwenye dirisha la kazi na uthibitishe kwamba faiwoli yenyewe ina habari:

```
sudo nft list table inet f2b-table
```

Anwani ya simu yako inapaswa kuwemo katika orodha. Ifungulie, ukiweka anwani uliyoiona:

```
sudo fail2ban-client set sshd unbanip 203.0.113.45
```

Izoee amri hii hadi iwe kichwani, kwa sababu siku utakapoihitaji hutakuwa na utulivu wa kuitafuta. Mimi niliwahi kufungiwa nje saa tano usiku na simu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimebadilisha nywila mchana, nikasahau programu ya kuhamisha faili iliyokuwa kwenye simu, nayo ikaendelea kujaribu nywila ya zamani kimya kimya kupitia Wi-Fi ile ile ya kompyuta yangu. Nilifungulia, baada ya muda nikafungiwa tena. Nilimlaumu kila mtu kabla ya kuitazama simu iliyokuwa inachajiwa mezani.

Hatua ya 6: Linda ukurasa wa kuingilia wa tovuti

Kama seva ina WordPress (programu ya kuendeshea tovuti) juu ya Nginx (programu inayozihudumia kurasa zake), `wp-login.php` nayo hugongwa usiku na mchana. Logi ya Nginx haiandiki "nywila si sahihi", lakini kuna alama ya kutegemewa: WordPress ikikataa nywila huuonyesha tena ukurasa ule ule kwa jibu namba 200, na ikikubali humhamishia mtumiaji ndani kwa jibu namba 302. Kwa hiyo tunayemtafuta ni anayetuma fomu na kujibiwa 200:

```
203.0.113.45 - - [12/Mar/2025:03:14:07 +0300] "POST /wp-login.php HTTP/1.1" 200 4523 "-" "Mozilla/5.0"
```

Unda kichujio katika `/etc/fail2ban/filter.d/wp-ingia.conf`:

```
[Definition]
failregex = ^<HOST> - \S+ \[\] "POST /wp-login\.php[^"]*" 200
ignoreregex =
```

Usishangae kuona mabano ya mraba matupu. Fail2ban huitoa tarehe kwenye mstari kabla ya kuulinganisha na kichujio, na mabano hubaki bila kitu ndani. Wengi huandika kichujio chenye tarehe, kikagoma, wakadhani programu ni mbovu. Nalo neno `<HOST>` liandikwe hivyo hivyo lilivyo, kwa kuwa ndilo linalosimama mahali pa anwani.

Kijaribu kichujio dhidi ya logi halisi kabla ya kukiweka kazini:

```
sudo fail2ban-regex /var/log/nginx/access.log /etc/fail2ban/filter.d/wp-ingia.conf
```

Mstari wa mwisho wa jibu hutoa hesabu, mfano `Lines: 1520 lines, 0 ignored, 37 matched, 1483 missed`. Hiyo 37 ndiyo inayohitajika. Ongeza `--print-all-matched` mwishoni mwa amri uisome mistari yenyewe, uhakikishe kuwa ni ya kuingia tu na haina wasomaji wa kawaida. Ikikuridhisha, ongeza jela hii chini ya `jail.local`:

```
[wp-ingia]
enabled = true
filter = wp-ingia
backend = auto
logpath = /var/log/nginx/access.log
port = http,https
maxretry = 8
```

Nimeruhusu makosa 8 badala ya 5, kwa kuwa waandishi wa tovuti husahau nywila kuliko mafundi, na aliyekosea mara nne kisha akafaulu hafutiwi hesabu yake. Kagua tena kwa `sudo fail2ban-client -t`, halafu `sudo fail2ban-client reload`.

Hapa pana onyo kubwa. Ikiwa tovuti yako iko nyuma ya Cloudflare au huduma nyingine ya kati inayopokea wageni kabla ya seva yako, usiiwashe jela hii kwanza. Bila mipangilio ya ziada, anwani zinazoonekana kwenye logi ni za Cloudflare, na ukizifungia umewafungia wasomaji wako wote wanaopitia humo. Unaweza kuifundisha Nginx kuandika anwani halisi kwa `set_real_ip_from` na `real_ip_header CF-Connecting-IP`, lakini hata hivyo faiwoli ya seva itaifungia anwani ambayo haiji kwako moja kwa moja, na mshambuliaji ataendelea kupita. Katika hali hiyo ufungiaji hufanyika upande wa Cloudflare, na Fail2ban ina kitendo cha kazi hiyo katika `action.d/cloudflare.conf`.

Matatizo yanayojitokeza mara kwa mara

*Imewaka, logi zina makosa, lakini hesabu ni sifuri.* Anza na saa: mstari ambao muda wake uko nje ya `findtime` hupuuzwa, kwa hiyo logi iliyo nyuma kwa saa tatu, ambayo ndiyo tofauti kati ya saa ya UTC na saa ya Afrika Mashariki, haihesabiwi. Kisha tazama jina la programu katika mstari wa logi. Tangu OpenSSH 9.8 ya mwaka 2024, kazi ya kupokea kila muunganisho imehamishiwa kwenye `sshd-session`, na kichujio cha zamani kinachotafuta `sshd` pekee kinaweza kuukosa. Sasisha kifurushi cha fail2ban kutoka kwenye hazina rasmi ya toleo lako kabla ya kuanza kuhariri vichujio kwa mkono.

*Seva inapokea ufunguo tu, na wanaogonga kwa jina la root hawahesabiwi.* Mistari yao husema `Connection closed by authenticating user root` ikiwa na neno `[preauth]` mwishoni, na kichujio cha kawaida huiacha. Ongeza `mode = aggressive` katika jela ya sshd. Fahamu kwamba hali hiyo huhesabu pia miunganisho iliyokatika katikati, kwa hiyo mtu mwenye mtandao dhaifu anaweza kuonewa. Na kama seva yako bado inapokea nywila, hamia kwenye ufunguo, kwa sababu mashambulizi yanayotoka kwenye mamia ya anwani, kila moja ikijaribu mara moja tu, Fail2ban haiyakamati.

*Ripoti inasema amefungiwa, naye bado anagonga.* Fungua `/var/log/fail2ban.log` utafute maneno `already banned`. Yakijirudia kwa anwani moja, maana yake amri imetolewa lakini faiwoli haizuii. Sababu ya kwanza ni poti, kama nilivyoeleza katika hatua ya 3. Sababu ya pili ni Docker, programu inayoendesha huduma ndani ya visanduku vinavyoitwa kontena, ambayo huelekeza pakiti kwenye kontena bila kuzipitisha njia ya kawaida ya kuingilia seva, kwa hiyo kifungo kilichowekwa kwenye njia hiyo hakimgusi anayekwenda kwenye kontena. Kwa jela ya huduma iliyo ndani ya Docker, badilisha `banaction` iwe `iptables-multiport`, uongeze `chain = DOCKER-USER`. Na kama kontena inapokea poti 80 lakini nje umeifungua kwa namba nyingine, tumia `iptables-allports`, kwa kuwa pakiti inapofika hapo namba yake ya poti imekwisha kubadilishwa.

*Programu inagoma baada ya kuongeza jela moja.* Jela yenye `logpath` ya faili lisiloonekana huzuia programu nzima kuwaka, pamoja na jela ya sshd iliyokuwa nzima. Ndiyo sababu ya kutoa amri ya `-t` kila unapohariri, hata ukibadilisha herufi moja.

*Umejifungia nje.* Ukiwa na dirisha la pili liache kama lilivyo. Kama umetumia nftables kwa namna ya mwongozo huu, muunganisho uliokwisha kuwa wazi nao unaweza kukwama, basi usilitegemee peke yake. Ingia kwa konsoli ya mtoa huduma, au badilisha anwani yako kwa kutumia data ya simu badala ya Wi-Fi, kisha:

```
sudo fail2ban-client unban --all
```

Usiwashe seva upya kwa matumaini kwamba vifungo vitafutika, kwa kuwa vimehifadhiwa katika hifadhidata na hurudishwa programu inapowaka. Na kabla ya kujifungulia mara ya pili, tafuta ni kifaa gani nyumbani kwako kinachoendelea kutuma nywila ya zamani.